Orodha za nahau hazimfundishi mtu lugha

Walimu, wachapishaji na wazazi wanapokezana imani moja kana kwamba haina mjadala: kwamba vitenzi vya Kiingereza vya maneno mawili au matatu, kama "put off" na "get over", havina utaratibu wowote, hivyo dawa yake ni kukariri. Na anayetaka Kifaransa aongeze safu ya pili kwenye daftari, Kiingereza kushoto na Kifaransa kulia, basi kazi imekwisha. Naipinga imani hii kwa sababu inawapotezea watu miaka, na inawapotezea zaidi watu wa ukanda wetu. Burundi na Rwanda zimo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2007, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ikaingia 2022, hivyo Kifaransa na Kiingereza vinakutana humo. Rwanda ilipoamua mwaka 2008 kufundishia kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, walimu wengi waliosomeshwa kwa Kifaransa walilazimika kusimama darasani na lugha nyingine. Watu kama hao wanastahili maelezo, si orodha.

Tazama "get over". Orodha itaandika "surmonter", yaani kushinda kikwazo, na kuishia hapo. Sasa mtu amepona mafua. Mwingereza anasema "she got over the flu", Mfaransa anasema "elle s'est remise de sa grippe", na "surmonter" haina nafasi. Kisha anakuja mjomba ambaye hajamwona mpwa wake kwa muda mrefu, anamkuta kijana amerefuka: "I can't get over how tall he is." Hapo Mfaransa anasema "je n'en reviens pas", na sisi tungesema siamini macho yangu. Kitenzi ni kilekile cha Kiingereza, lakini Kifaransa kimeshika njia tatu, na kila njia imeamuliwa na jambo linalosemwa. Safu mbili za daftari haziwezi kulionyesha hilo hata zikiwa na kurasa mia.

Na hili la kwamba vitenzi hivyo havina utaratibu si kweli. Samuel Johnson, katika dibaji ya kamusi yake ya mwaka 1755, alikiri kwamba hakuna kinachomsumbua mgeni wa Kiingereza kama vitenzi hivi vinavyofuatwa na kijineno. Lakini ugumu si fujo. Angalia "up" katika "eat up", "drink up", "use up": kitu kimeisha, hakikubaki. Yapo mengine yasiyokaa hapo, ila mwanafunzi aliyeonyeshwa maana hiyo ataelewa vitenzi vingi ambavyo hakuwahi kufundishwa. Sisi wenyewe tunafanya kazi hiyohiyo mwishoni mwa kitenzi. Pita, pitia, pitisha, pitiliza: nani aliwahi kupewa orodha ya kukariri hayo?

Kiini cha jambo kiko kwenye vitenzi vya mwendo, na hapa ndipo orodha zinapofanya madhara makubwa. Kiingereza husema "she limped into the room". Kitenzi kinaeleza alivyotembea, kijineno "into" kinaeleza alikoelekea. Kifaransa hugeuza: "elle est entrée dans la pièce en boitant". Kuingia ndiko kitenzi, kuchechemea kunafuata nyuma. Na Kiswahili je? Aliingia chumbani akichechemea. Tuko upande wa Kifaransa kabisa. Toka, ingia, panda, shuka, vuka: kila kimoja kina mwenzake wa Kifaransa anayefanya kazi kwa mtindo huohuo. Mwanaisimu wa Marekani Leonard Talmy aligawa lugha za dunia kwa kigezo hiki, na wanaisimu Vinay na Darbelnet walikuwa wameueleza mgeuko huo kati ya Kiingereza na Kifaransa katika kitabu chao cha mwaka 1958. Maarifa yapo. Hayajafika darasani.

Mwanafunzi wa orodha akiikuta sentensi ile, ataandika "elle a boité dans la pièce". Hajui kwamba amemweka yule mama ndani ya chumba tayari, anachechemea humohumo, wala hakuingia kutoka popote. Ni sawa na Kiswahili kusema "alichechemea chumbani". Mwanafunzi huyo anajua tofauti hiyo katika lugha yake tangu utotoni! Angeulizwa kwanza kwa Kiswahili angepata jibu la Kifaransa mara moja.

Wengine wanajitetea kwamba vitenzi hivi ni lugha ya mtaani, msomi aseme "tolerate", aachane na "put up with". Heshima wanayoipa lugha ya kisomi ina asili yake. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, Kifaransa kilitawala mahakama na kasri kwa karne nyingi, na maneno yaliyopitia huko yakabaki na sura ya ukubwa. Ila nenda mahakama zetu leo. Shauri likiwa "struck out" limeondolewa kwa kasoro, na mwenyewe anaweza kurekebisha akalileta tena. Likiwa "dismissed" limetupiliwa mbali. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilitenganisha mambo hayo mawili mwaka 1959 katika shauri la chama cha ushirika cha Ngoni-Matengo, na mawakili wanaendelea kulitaja. Mfasiri anayetegemea orodha atachukua "rayer", yaani kukata neno kwa kalamu, na mteja wake asielewe kama mlango umefungwa au bado uko wazi.

Nahau nazo zina hatari yake. "Kick the bucket" na "casser sa pipe" zinalingana vizuri mno kwenye karatasi: zote ni kufa. Kinachokosekana ni onyo kwamba hakuna hata moja inayofaa mbele ya mfiwa. Nasi tunajua kufariki, kuaga dunia na kukata kamba si kitu kimoja, na anayekwenda msibani na "amekata kamba" atatolewa nje.

Mwalimu wa Bukavu ana darasa lililokwenda shule na Kiswahili mdomoni. Nusu ya njia ya Kifaransa wanafunzi wake wanayo tayari, na wanachohitaji kwa Kiingereza ni kuonyeshwa mahali sentensi inapogeuka. Wachapishaji wamwandikie kitabu kinachoanza na "aliingia akichechemea", kisha kiziweke lugha zote tatu kwenye ukurasa mmoja.