Simu ya mgonjwa wa saratani ipokewe na nani?

Mficha maradhi, walisema wahenga, kilio humuumbua. Lakini wagonjwa wetu wengi wa saratani hawafichi. Wamekosa wa kumwambia. Mtu akishatiwa dawa za kemo Mombasa hurudi kwao Faza, Garsen au Lunga Lunga, na mara nyingi miadi ni baada ya wiki tatu. Hapo katikati huanza kutapika, kuharisha na vidonda vya mdomo. Homa ya nyuzi 38 kwa mtu wa kemo ni dharura, kwa kuwa kinga ya mwili imeshuka. Nyumbani hupewa Panadol akaambiwa apumzike.

Njia iliyojaribiwa ipo. Katika hospitali ya Memorial Sloan Kettering, New York, daktari Ethan Basch na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 766 wenye saratani iliyosambaa. Kundi moja lilijaza dalili 12 kwa kompyuta, na dalili ikizidi, muuguzi alipata taarifa. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kuwa nusu ya kundi hilo waliishi zaidi ya miezi 31. Kwa wenzao waliohudumiwa kwa kawaida ni miezi 26. Miezi mitano, bila dawa mpya!

Tutakosea tukidhani siri ni kompyuta. Siri ni muuguzi aliyeisoma taarifa, akapiga simu, akabadilisha dawa au akasema njoo leo. Programu isiyo na mtu upande wa pili ni sanduku la maoni tu.

Kwa hivyo mimi sioni haja ya kungoja simu za bei. Kabambe yatosha: ujumbe mfupi wa bure, kwa Kiswahili chetu, maswali machache kila wiki. Lakini simu ya nyumba hushikwa na wengi, na mgonjwa ana haki ya sitara. Sheria ya kulinda data ya mwaka 2019 yahesabu habari za afya kuwa nyeti. Ujumbe usitaje saratani.

Jumuiya ya Kaunti za Pwani ina kaunti sita. Zikichangia mishahara ya wauguzi wachache wa kupokea taarifa hizo usiku na mchana, kazi imeanza. Zikinunua programu kwanza, tutapigwa picha za uzinduzi na wagonjwa watabaki na homa zao.

Hadi hapo, ndugu msomaji, ukimsindikiza mgonjwa wako, usitoke wodini bila nambari ya kupiga usiku. Na uulize nani ataipokea.