PPL Ya Wilson Itakupaisha Majuu? Soma Namba Ya Ndege Kwanza

Ukishanyakua PPL, ile leseni ya rubani binafsi, pale Wilson, hewa yote ni yako? Zi, buda. Wasee wengi hudhani noma iko mpakani, kumbe iko kwa namba imechorwa kwenye ndege.

Mkataba wa Chicago wa 1944, kifungu cha 32, unataka rubani wa safari ya kimataifa awe na leseni iliyotolewa au kuidhinishwa na nchi ambako ndege imesajiliwa. So ukiwa na leseni ya KCAA na ndege ya 5Y, unaweza kuvuka hadi Arusha, bora vibali vya safari viwe freshi. Lakini beshte wa huko akikupa ndege yake ya 5H? Hapo tulia hadi Tanzania iidhinishe hiyo leseni.

Marekani nao hawana kiburi vile. Sheria yao ya 61.75 inaruhusu FAA ikupe cheti cha ndege za N kwa msingi wa leseni yako ya Kenya, bila mtihani mpya. Wataulizia KCAA kama ni ya ukweli, kisha mwalimu akupime ukiruka kabla ubebe mabeshte. Na Kingereza lazima. Ila leseni ya Kenya ikifutwa, hicho cheti pia kimekufa.

Sasa wewe unapanga kuomoka huko na hii karatasi, pole. Kulipwa kama rubani inadai leseni ya biashara, na 61.75 haikupei hiyo.