Umeme Kwanza, Ubao Baadaye

Hapa West Indies, Eldoret, wapiga gita wengi hununua kwanza ubao wa kupangia vikanyagio vya kugeuzia sauti (wanaistilahi wataniwia radhi kwa neno hilo), kisha hutafuta chombo cha umeme kwa fedha zilizosalia. Kwa maoni yangu, huko ni kuezeka kabla ya kusimamisha nguzo.

Soketi zetu hutoa volti 240, ilhali kikanyagio cha kawaida huhitaji volti 9 za mkondo mnyoofu, aghalabu ncha hasi ikiwa katikati ya plagi. Vichache vya mtindo wa kale huwa kinyume. Nami niliwahi kukiunguza kimoja kwa adapta ya volti 18; harufu ile haijanitoka puani! Miliampia nazo zihesabiwe: kikanyagio cha kukwaruza sauti mara nyingi hutosheka na chini ya 10, lakini cha mwangwi wa kidijitali huweza kudai zaidi ya 100. Waya mmoja wenye matawi ni rahisi, naam, ila ukivichanganya vya aina hizo mbili, spika huanza kupiga mluzi kabla gita halijaguswa. Basi fedha na ziende kwenye chombo ambacho kila tundu lake linajitegemea. Ubao je? Kipande cha mbao cha seremala na utepe wa kunata vyatosha.