Mbwa wa Kolwezi nao watafutiwe lupango

Kila mtu mwenye kutoka nyumbani mbele jua haijatoka, kwenda kungojea bisi ya kampuni, anajua mbwa wa njia yake. Yule mweusi wa kwenye kona. Wale watatu wenye kulala karibu na takataka za soko. Mfanyakazi anaokota jiwe, anatembea polepole, anapita. Mama mwenye kubeba beseni ya mikate anazunguka njia ya mbali. Na mwenye mbwa akisikia kelele, anapaza sauti toka ndani ya nyumba: « Usiogope papa, haiumake muntu ! »

Tunajua wasomaji wengine watacheka. Watasema: Kolwezi iko na vumbi, iko na mashimo, iko na bei ya unga, na ninyi munatuletea habari ya mbwa? Ndiyo, tunaileta. Mbwa mwenye kuzurura bila chanjo anaweza kuua mtoto. Na mtoto mwenye kuwa katika hatari kubwa ni wa mzazi mwenye hana kampuni ya kumlipia matibabu.

Huko Ulaya na Marekani, miji mingi iko na viwanja vya mbwa vyenye kuzungushiwa uzio. Katika mji wa Berkeley, California, walifungua kimoja mwaka 1979, na kinahesabiwa kuwa kati ya vile vya kwanza kabisa. Mtu anafika na mbwa wake amefungwa kamba. Anapita mlango wa kwanza, anaufunga, ndipo anafungua kamba, kisha anapita mlango wa pili. Ndani, mbwa anakimbia anavyotaka. Ukisikia hivyo unaweza kusema ni mchezo wa watajiri. Lakini tazama masharti yenye viwanja vya namna hiyo vinaweka: mbwa awe amepata chanjo ya kichaa, mwenye mbwa asiondoke, na mavi ya mbwa aokote yeye mwenyewe. Kumbe uzio ni kitu kidogo katika jambo hili. Kikubwa ni kwamba kila mbwa iko na mtu wa kujibu juu yake.

Sisi wa Kolwezi hatukosi nyuzio. Mwaka 2014 madini ya kobalti yalionekana chini ya nyumba za watu kule Kasulo, na mwaka 2017 sehemu ya mtaa ikazungushiwa ukuta. Kampuni zetu ziko na senyenge, mageti na walinzi. Mbwa wa ulinzi anatembea na kamba, na kuna mtu wa kumshika. Inje ya geti, pale Musonoi, Kapata, Luilu ao Manika, mbwa ni wa kila mtu usiku na si wa mtu yoyote mchana. Akifukuza mwizi, ni « mbwa yangu ». Akiuma mtoto wa jirani, hajulikani alitoka wapi.

Tuseme sasa ugonjwa wenyewe. Kichaa cha mbwa, wenye Wafaransa wanaita la rage, unaua karibu watu 59 000 kila mwaka duniani, wengi wao Afrika na Asia. Kati ya watu kumi wenye kufa, wane ni watoto chini ya miaka 15. Karibu wote waliumwa na mbwa. Ubaya wake ni kwamba haufiki haraka. Mara nyingi unakaa mwezi moja mpaka mitatu ndani ya mwili, kidonda kimepona, watu wamesahau. Ndipo mgonjwa anaanza kuogopa maji, anachanganyikiwa. Siku hiyo dawa haiko tena, hata kwa lupitalo kubwa. Hapo watu wanaanza kusema ni uchawi, na ndugu wanaanza kugombana.

Lakini dawa ya mbele iko, na iko toka mwaka 1885, wakati Louis Pasteur alimchoma sindano mtoto wa miaka 9 mwenye aliumwa na mbwa, na mtoto akapona. Ukiumwa, osha kidonda papo hapo na sabuni na maji mengi yenye kutiririka, dakika 15 nzima. Usipake majani, usipake mafuta ya gari. Kisha kimbia kwa lupitalo siku ile ile, usingoje kesho. Mbwa naye, kama anajulikana, usimuue kwa hasira. Mwenyewe amfunge vizuri, na muganga wa nyama amchunguze siku kumi. Ile sindano haiko moja, zinafuatana kwa siku nyingi. Mtoto wa mfanyakazi anaweza kulipiwa na kampuni. Mtoto wa mchimbaji wa mikono anangoja baba yake auze gunia.

Ni rahisi zaidi kuchanja mbwa. Kisiwa cha Pemba, kule Zanzibar, kilionyesha njia. Walichanja mbwa kwa wingi, na mwaka 2014 ugonjwa ukawa umekwisha. Ulirudi mwaka 2016, wakachanja tena, na mwaka 2018 ukaondoka tena. Wataalamu wanasema kama mbwa 70 kati ya 100 wamechanjwa, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kuwapiga risasi mbwa wa balabala hakusaidii sana: wengine wanakuja kuchukua fasi yao, na kati ya wale wenye kuuawa mnakuwa hata wenye chanjo.

Kwa hiyo hatuombi kiwanja cha mbwa kama cha Berkeley. Watoto wetu wenyewe wangali wanatafuta fasi ya kucheza mpira. Tunaomba siku moja tu kwa mwaka. Siku hiyo, kila mtaa wa Dilala na Manika, na vilevile Fungurume, ufunge uwanja moja kwa kamba na miti. Watu walete mbwa zao wamefungwa, waganga wa nyama wachome sindano bure, chef d'avenue aandike katika daftari: mbwa wa nani, lupango namba ngapi. Tarehe 28 septemba, siku ya dunia nzima ya kupigana na kichaa cha mbwa, inafaa.

Pesa? Code minier ya 2018 inadai kila kampuni yenye kuchimba itoe angalau 0,3 % ya mauzo yake kwa maendeleo ya watu wenye kuizunguka. Wale wenye kukaa katika mikutano ya kuamua kazi za pesa hiyo, waingize chanjo ya mbwa. Ukiweka bei yake kando ya bei ya shule ao ya pompe ya maji, ni kidogo sana.

Na sisi wenyewe tuanze leo jioni. Mwenye mbwa afunge mlango wa lupango yake mchana, watoto wakitoka masomo. Asiye na mlango, atafute kamba. Na wewe mwenye kusema « haiumake muntu », jirani akikuuliza kama ilichomwa sindano, umujibu ni siku gani.