Ukisinzia mpishe mwenzako

Kwa miezi mitatu hivi nyumbani kwangu kumekuwa na ugomvi ambao chanzo chake ni usukani. Si usukani wa gari, la hasha, kwa maana gari sina. Ni usukani mdogo wa plastiki ambao kifungua mimba wangu, mwanafunzi wa chuo, aliununua kwa mtumba akaufunga kwenye meza tunayolia chakula. Huuunganisha na kompyuta, akakanyaga pedeli zilizo chini ya meza, na barabara ikaanza kukimbia mbele yake kwenye kioo. Mama yake alilalamikia meza. Mimi nililalamikia masomo, bili ya stima na, kusema kweli, aibu ya kuwaeleza majirani kwamba mtoto niliyemlipia karo miaka yote hii anaendesha gari lisilokuwapo.

Kisha siku moja akaniomba ruhusa ya kushindana saa 24. Yeye na wenzake wawili, mmoja yuko Nakuru na mwingine Kisumu, kila mmoja na kompyuta yake, wote wakipokezana gari moja kwa njia ya intaneti kuanzia Jumamosi alasiri hadi Jumapili alasiri. Nilimwuliza kama ana akili timamu. Akanijibu kwa adabu, "Baba, hata watu wazima hufanya hivyo kule Le Mans."

Basi nikaona afadhali nisome habari za hiyo Le Mans kabla ya kukataa. Ni mji ulioko Ufaransa, na mashindano yake ya saa 24 yalianza mwezi Mei mwaka wa 1923. Waliyaanzisha ili kuona ni gari gani lingeweza kustahimili mchana na usiku bila injini kufa wala taa kuzimika. Mzunguko mmoja ni kilomita 13.626, na sehemu yake ni barabara ya kawaida inayotumiwa na wananchi siku nyingine. Mshindi si yule anayefika kwanza mahali fulani, bali ni yule ambaye amekwenda mbali zaidi saa zinapokwisha. Mwaka wa 2010 gari la Audi lilizunguka mara 397, yaani zaidi ya kilomita 5,400.

Sisi tuliokua tukingoja Safari Rally kila Pasaka tunaelewa jambo hilo bila kufundishwa. Mwaka wa 1963, na tena 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho wa Safari. Hakuna aliyewauliza saba hao kama walikuwa na mwendo wa kasi. Kufika kulitosha.

Lakini kisa kilichonishika kooni ni cha Pierre Levegh, Mfaransa. Mwaka wa 1952 aliingia Le Mans na gari lake la Talbot akiwa na dereva mwenzake. Akashika usukani na kukataa kuuachilia. Giza likaingia, kukapambazuka, na mwenzake yuko pale pembeni. Levegh aliendesha peke yake zaidi ya saa 22, akiwa mbele ya Wajerumani wa Mercedes kwa mizunguko kadhaa. Ilipobaki kama saa moja hivi, injini ikavunjika. Mercedes wakachukua ushindi. Wapo waliosema ni chuma kilichoshindwa, na wapo waliosema mtu aliyechoka kiasi hicho alikosea gia. Miaka mitatu baadaye, mwaka wa 1955, Levegh alikufa papo hapo Le Mans gari lake liliporuka na kuwaangukia watazamaji. Zaidi ya watu 80 waliangamia.

Siku hizi haiwezekani mtu kufanya alivyofanya Levegh. Kila gari huwa na madereva watatu, na hakuna anayeruhusiwa kuendesha zaidi ya saa 4 katika kila saa 6, wala kupita saa 14 kwa jumla. Asiyekuwa zamu hutafuta mahali akalala.

Nilikuwa nikisoma hayo kwa sauti sebuleni, na kaka yangu mkubwa alikuwa amekuja kututembelea. Ndugu yangu huyu aliendesha lori la mizigo kutoka Mombasa hadi Malaba kwa miaka kumi na mitano. Turniboi alikuwa naye, lakini kijana hakuwa na leseni. Usiku mmoja, akiwa amevuka Mtito Andei, alilala usukanini. Aliamka lori likiwa ubavuni kando ya barabara, na yule kijana akiwa ameumia mguu ambao haukupona sawasawa hadi leo. Tajiri wake alimkata mshahara kwa ajili ya mzigo ulioharibika. Sheria yetu ya barabarani sasa inasema dereva wa gari la abiria au la biashara asizidishe saa 8 katika kila saa 24, lakini ulizeni wanaokunywa chai saa nane za usiku pale Mlolongo mtaambiwa sheria hiyo hulala wapi.

Kaka yangu alimgeukia mwanangu akamwuliza, "Sasa mwenzako akiendesha, wewe hufanya nini?"

"Ninalala, Baba Mkubwa. Ni sharti. Anayesinzia akigonga ukuta anatuharibia sote."

Kaka yangu alikaa kimya muda mrefu. Kisha akaniambia, "Mruhusu huyu mtoto." Na kwa kuwa ni mkubwa wangu, nikamruhusu.

Nisije nikaonekana nimelegea, niliendelea kudadisi. Mwezi Juni 2020, Covid ilipowafanya waandalizi kusogeza Le Mans ya kweli hadi Septemba, walifanya ya kompyuta tarehe zile zile za Juni. Magari 50, madereva 200, wanne kwa kila gari, wengine wakiwa ni madereva mashuhuri na wengine ni vijana waliojifunzia vyumbani mwao. Na kabla ya hapo alikuwapo Jann Mardenborough, kijana wa Cardiff, ambaye baba yake alikuwa mwanasoka wa kulipwa. Mwaka wa 2011, akiwa na umri wa miaka 19, aliwashinda watu wapatao 90,000 katika shindano la mchezo wa kompyuta ambalo zawadi yake ilikuwa ni kufundishwa uendeshaji wa kweli. Mwaka wa 2013 alikuwa Le Mans, Le Mans ya lami na petroli, na gari lao likapata nafasi ya tatu katika daraja lake. Simwambii mwanangu kwamba yatamfika hayo. Kwa kila Mardenborough mmoja wako hao maelfu waliobaki na usukani wa plastiki na karo ya kulipa.

Jumamosi ikafika. Tulikula kwa kuweka sahani magotini. Saa sita za usiku nilimkuta kaka yangu, ambaye alikuwa amesema anaondoka jioni, ameketi nyuma ya kijana na kumwambia asikanyage mafuta hivyo kwenye kona kwa sababu tairi zimechoka. Saa nane mtoto alikwenda kulala na wa Kisumu akashika zamu. Kaka yangu ndiye aliyemwamsha saa kumi na moja, na chai ya tangawizi mkononi.

Jumapili saa saba za mchana, zikiwa zimebaki saa mbili tu, wakiwa nafasi ya 11 na mwanangu yuko usukanini, stima ikapotea mtaa mzima.

Hakupiga kelele. Aliutazama ule mstari mweusi wa kioo, akachukua simu akampigia wa Nakuru. Gari lao lilikuwa limesimama kwa kukosa dereva, mchezo ukalirudisha mahali pa kutengenezewa, na wa Nakuru alikuwa akiamka kuja kulichukua. Tukakaa watatu hapo mezani kuisikiliza simu. Mwanangu akatusimulia jinsi gari la Toyota mwaka wa 2016 lilivyopoteza nguvu likiongoza Le Mans zikiwa zimebaki dakika chache, dereva wake akiwa Kazuki Nakajima, Porsche wakapita na kushinda; na jinsi Nakajima huyo huyo alivyorudi na kushinda mwaka wa 2018.

"Huyu wa Nakuru," kaka yangu akauliza, "amelala vizuri?"

"Amelala saa tano, Baba Mkubwa."

"Basi mwambie asikimbilie kufidia. Alilete nyumbani."

Walimaliza wa 19. Stima ilirudi magharibi, na usukani bado uko mezani.