Mara Mbili ya Ngapi?

Kiberiti kikipanda bei mara mbili utanuna kidogo, utalipa. Saruji ikipanda mara mbili, ujenzi umesimama. Hata mtoto anayetumwa dukani anajua kuuliza ilikuwa shilingi ngapi. Ikija habari ya ugonjwa, swali hilo linatutoka, na waandika vichwa vya habari wanaomba Mungu tusilikumbuke.

Oktoba 1995, Kamati ya Usalama wa Dawa ya Uingereza ilitoa tahadhari ya dharura: baadhi ya vidonge vipya vya majira huongeza mara mbili hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Mara mbili! Madaktari wakaandikiwa barua, magazeti na televisheni vikadaka, wanawake wakaacha vidonge, wengine pakiti haijaisha. Nani angewalaumu?

Tuhesabu walichofichwa. Kwa vidonge vya zamani, mwanamke mmoja hivi kati ya 7,000 ndiye aliyepatwa na tatizo hilo. Kwa vipya, wawili. Basi! Mtu mmoja wa ziada kati ya 7,000, akavikwa joho la asilimia mia moja. Mwaka uliofuata, utoaji mimba England na Wales ulikadiriwa kuongezeka kwa 13,000 hivi, ilhali kwa miaka kadhaa idadi ilikuwa ikishuka. Na hapa ndipo ninapochemka: mimba yenyewe huleta hatari kubwa zaidi ya damu kuganda kuliko vidonge vile. Wanawake walikimbizwa moshi wakasukumwa motoni.

Nitaambiwa takwimu ilikuwa sahihi. Ilikuwa, na ndiyo sumu yake. Mwongo hushikwa; mwenye kusema nusu ya hesabu hutembea kifua mbele.

Wala msidhani siku zote ni bahati mbaya. Wauza dawa wanaujua mchezo huu: faida huipigia debe kwa maneno manene, "hupunguza hatari kwa nusu", madhara wakayanong'ona, "mmoja kati ya elfu kumi". Karatasi ileile, mizani mbili. Mwuza samaki akithubutu hivyo sokoni, hamalizi asubuhi.

Soseji nazo zilipata zamu yao mwaka 2015. Wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani ulipoiweka nyama ya kusindikwa kundi moja na tumbaku, vichwa vya habari vikaifanya soseji kuwa ndugu wa sigara. Kundi lile hupima uthabiti wa ushahidi, si ukubwa wa hatari! Wakala wenyewe ulilieleza hilo, lakini maelezo hayauzi gazeti.

Kwa hiyo, mhariri wangu, kesho ukiniletea "mara mbili", niletee na "kati ya wangapi". Usiniambie nafasi haitoshi. Ondoa ile picha ya sindano kubwa kuliko mkono wa mgonjwa, nafasi itapatikana.