Msamaha Usipite Juu ya Kichwa cha Jirani

Tarehe 9 Desemba 2019, Rais John Magufuli alipotangaza mjini Mwanza msamaha kwa wafungwa 5,533, wengi walishangilia, na haki ya kushangilia walikuwa nayo. Lakini kila mfungwa anayeachiliwa hurudi mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo yupo mtu aliyeibiwa au kujeruhiwa. Katiba haimlazimu yeyote kumwuliza mtu huyo neno.

Ibara ya 45 ya Katiba ya 1977 imempa Rais mamlaka ya msamaha, na ni sawa mamlaka hayo yakae kwake. Hata hivyo, ibara hiyo hiyo inakiri kwamba huruma haiwezi kutengwa kabisa na mahali pa kosa: aliyetiwa hatiani Zanzibar kwa sheria ya Baraza la Wawakilishi hatazami Dodoma, hutazama kwa Rais wa Zanzibar.

Huko Katumba, mkoani Katavi, jambo hili lina uzito wa pekee. Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 waliishi pale miaka mingi chini ya Mkuu wa Makazi, na hata kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali. Mwaka 2014 walianza kupokea vyeti vya uraia. Raia mwenye cheti mkononi anatazamiwa kulinda amani ya mtaa wake, kushiriki mikutano na kuchagua viongozi. Je, mtu aliyechoma ghala la tumbaku la jirani, kazi ya msimu mzima, akirudi kabla ya kifungo kwisha, jirani huyo apate habari kwa kumwona njiani? Hiyo si huruma. Ni kumwachia mkulima hofu ambayo serikali imeitua.

Wapo watakaosema, na hawasemi ovyo, kwamba kijiji nacho kina visasi vyake. Mwenye ukoo mkubwa au fedha atasamehewa upesi. Mgeni asiye na ndugu ataozea gerezani. Katika eneo ambalo jana tu watu waliitwa wakimbizi, hatari hiyo haifai kudharauliwa. Kwa hiyo wananchi wasipewe funguo za gereza. Wapewe nafasi ya kusikilizwa, basi. Kenya, katika Ibara ya 133 ya Katiba yake ya 2010, imeruhusu kamati inayomshauri Rais kuzingatia maoni ya waliotendewa makosa.

Vyombo vya kufanyia kazi hiyo havihitaji kubuniwa upya. Sheria ya Bodi za Parole ya 1994 iliweka bodi katika mikoa, na mabaraza ya kata yapo kwa sheria ya 1985, kazi yake ya kwanza ikiwa usuluhishi. Jina la mfungwa wa Katumba lisipelekwe mbele mpaka baraza la kata limeandika mambo mawili: aliyetendewa kosa amesema nini, na kama hasara yake imelipwa.